Baiskeli ya Bei Kubwa na Baiskeli ya Bei Ndogo: Ipi Yamfaa Mkulima?

Hotuba ya Mweka Hazina wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema mbele yenu katika siku hii ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, za mbegu na za bei ya pamba, nao wamezieleza vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nimeagizwa kusema juu ya jambo lililo dogo kwa sura lakini lenye uzito katika nyumba ya mkulima, nalo ni baiskeli.

Mwajua jinsi jambo hili lilivyoingia katika mikutano yetu. Wajumbe wa vyama vya msingi wameomba Chama kiwakopeshe wanachama baiskeli, na deni lilipwe kwa kukatwa kidogo kidogo katika malipo ya mazao. Ombi lenyewe halina ubishi mkubwa. Ubishi umezuka juu ya baiskeli ya kununua. Upande mmoja wasema, "Tununue za bei ndogo, ili fedha ifikie watu wengi." Upande wa pili wasema, "Tununue za bei kubwa, maana kitu cha bei kubwa hudumu." Kila upande una watu wenye akili na nia njema, na kila upande una sehemu ya kweli. Kazi yangu leo ni kujaribu kuitenga kweli na dhana, kama tunavyotenga pamba safi na pamba chafu kabla ya kuipeleka kwenye mizani.

Nitalisema mapema neno nililokusudia, ili atakayelazimika kuondoka kabla ya mwisho aondoke nalo. Bei ya baiskeli si ile iliyoandikwa dukani. Bei yake ni jumla ya fedha zote itakazokula tangu siku ya kununuliwa mpaka siku ya kutupwa, ikigawanywa kwa safari zote ilizokufanyia. Na kwa mtu anayekopa iko sheria moja zaidi: asikubali kamwe kukopa kwa ajili ya chombo kitakachokufa kabla ya deni lake.

USHIRIKA ULIZALIWA JUU YA MIZANI

Si ajabu kwamba jambo hili limeletwa kwetu sisi watu wa ushirika, maana kupima kabla ya kukubali ndiyo asili yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda Chama Kikuu chao, KNCU, mwaka 1933, baada ya kupitishwa sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932. Huku kwetu Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakataka pamba yao ipimwe mbele ya macho ya watu wao wenyewe. Katika juhudi hizo vikatokea vyama vya msingi vingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao, VFCU, ambalo wazee wetu wanalikumbuka mpaka leo.

Wazee hao hawakuridhika na neno la mnunuzi alipowaambia, "Gunia lako lina ratili kadha." Walitaka waione sindano ya mizani. Basi, mtu aliyekataa kuamini neno la mnunuzi wa pamba, kwa nini aamini neno la muuza baiskeli? Baiskeli nayo ina mizani yake, na mizani hiyo ni hesabu.

CHOMBO CHENYEWE

Umbo la baiskeli tuijuayo halikubadilika sana tangu mwaka 1885, wakati John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli yake iitwayo Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, akapata haki ya kutengeneza mpira wa kujazwa upepo. Tangu siku hizo baiskeli ni fremu, magurudumu mawili, mnyororo, pedali, usukani, kiti na breki. Baiskeli ya bei ndogo ina vitu hivyo vyote, na baiskeli ya bei kubwa ina vitu hivyo hivyo. Ukizitazama kwa mbali chini ya mwembe waweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao imo ndani, mahali macho yasipofika kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo watu wengi huamua kwa jina lililoandikwa kwenye fremu. Twakumbuka jinsi jina la Raleigh lilivyoheshimiwa, nalo liliheshimiwa kwa haki. Lakini kiwanda chake cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002, na mwaka 2012 kampuni yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya Accell ya Uholanzi. Jina likabaki, lakini mikono iliyolipatia jina hilo sifa haiko tena kazini. Tena, zipo baiskeli ambazo hazikuanza na sifa kubwa, kama Hero ya Ludhiana, India, iliyoanza mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai, China, ambazo zimebeba magunia ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Wala tusisahau kwamba karatasi yenye jina zuri huchapwa kwa senti chache, na mtu mwovu aweza kuibandika juu ya chuma kibovu. Wahenga walisema kwamba ving'aavyo vyote si dhahabu, na rangi mpya hung'aa kuliko dhahabu.

FEDHA YAKO INAKWENDA WAPI

Sasa tuulize: mtu anapoongeza shilingi juu ya bei, anaongezewa nini?

Katika ngazi ya chini, kila shilingi ya nyongeza hununua nguvu. Tuanze na gurudumu la nyuma, maana ndilo punda wetu. Gurudumu la inchi 28 huzunguka zaidi ya mara 5,000 katika safari ya kilomita 12, na katika kila mzunguko kila spoki hubanwa na kulegezwa. Spoki nyembamba, au iliyofungwa bila kukazwa sawasawa, huchoka pale ilipokunjwa karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, kisha hukatika. Ikikatika moja, jirani zake huchukua mzigo wake nazo hufuata. Mafundi waliozoea kazi ya mizigo husema spoki nene ya milimita 2.3 yashinda ile ya milimita 2, na gurudumu la nyuma lenye spoki 40, kama lilivyokuwa katika baiskeli za Kiingereza za zamani, hustahimili kuliko lenye 36. Tofauti ya bei kati ya spoki hizo ni ndogo mno, lakini mtengenezaji anayetafuta bei ya chini kuliko wenzake huipunguza hata hiyo.

Pili ni gololi na vikombe vyake. Chuma kilichokazwa kwa moto vizuri hukubali kuzungukwa na gololi miaka mingi. Chuma laini huchimbika mashimo madogo, na baada ya msimu mmoja gurudumu huanza kuyumba na kuguguna kama panya darini. Tatu ni pini zinazoshika mikono ya pedali; pini laini hupondeka, na pedali hucheza kila inapokanyagwa. Nne ni fremu yenyewe: mabomba yake, na hasa viungo vyake. Tano ni keria, ambayo katika baiskeli nyingi za bei ndogo imetengenezwa kwa kubeba kitabu na si gunia.

Sita ni breki, na hapa sisemi habari ya fedha bali ya uhai. Breki ya mpira inayobana rimu ya chuma hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake mvua inaponyesha. Mtu mwenye gunia nyuma, akiteremka mlima penye matope, hana haja ya kufundishwa maana ya maneno hayo. Breki iliyofichwa ndani ya habu haijali mvua. Huongeza bei, lakini ni nyongeza ambayo mke na watoto wa mpanda baiskeli wangeilipa kwa furaha.

Hayo ndiyo yanayonunuliwa kwa shilingi za nyongeza katika ngazi ya chini. Lakini ukipanda juu ya kiwango fulani, shilingi haiendi tena kununua nguvu. Huenda kununua wepesi, gia nyingi, springi za kulainisha barabara, na sifa ya jina. Fremu huacha kuwa ya chuma, ikawa ya alumini au ya nyuzi za kaboni. Vitu hivyo si uongo. Vina kazi yake. Mwanamichezo wa mashindano hutafuta wepesi hata wakuu wa mchezo huo duniani waliweka sheria mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isiwe chini ya kilo 6.8. Kwake yeye sekunde chache ni ushindi.

Je, kwako wewe wepesi huo ni nini? Tufanye hesabu. Tuseme mpanda baiskeli ana kilo 65, mzigo wake kilo 60, na baiskeli yake ya chuma kilo 22. Jumla ni kilo 147. Akinunua baiskeli ya kilo 12, jumla itakuwa kilo 137. Amepunguza kilo 10 katika 147, yaani chini ya saba kwa mia, na nafuu hiyo ataipata hasa anapopanda mlima. Kwa nafuu hiyo ametoa fedha ya ng'ombe mzuri. Ndugu zangu, mtu anayetaka baiskeli yake iende kwa wepesi na aanze kwa pampu, maana mpira uliolegea humchosha mpandaji katika kila hatua ya njia, penye mlima na pasipo mlima. Pampu haina bei ya ng'ombe.

Gia nazo zina sifa yake. Kwa wenzetu wa milimani, mathalani Usambara, gia hupunguza jasho kweli. Lakini gia zinazoning'inia nje ya gurudumu hula vumbi na kupinda zinapogongwa, na mnyororo wake mwembamba hautoki katika kila duka la kijijini. Katika nchi iliyo tambarare kama yetu, asilimia kubwa ya gia hizo zitakaa bila kazi.

Kwamba nguvu ndiyo itakiwayo na si urembo, historia imeonyesha. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu nchini Vietnam, maelfu ya wachukuzi walisukuma baiskeli za kawaida walizoziimarisha kwa mbao na mianzi, wakarefusha usukani kwa fimbo, na baiskeli moja ikaweza kuchukua zaidi ya kilo 200 za chakula na silaha. Hawakuongeza kitu popote ila pale mzigo ulipokandamiza. Majirani zetu wa Goma, nchini Kongo, hufanya vivyo hivyo kwa chukudu, chombo cha mbao kisicho na hata pedali, ambacho huteremka na mizigo mizito mpaka sokoni. Kazi ndiyo inayochagua chombo.

HESABU YA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi natufungue daftari. Nitatumia bei za mfano, ili hesabu ieleweke. Kila mmoja akifika nyumbani na aweke bei za duka la kwake, kisha afuate njia hii hii.

Tuchukue mkulima anayefanya safari 150 zenye mzigo kwa mwaka: pamba, mpunga, maziwa, mahindi ya kusaga. Mbele yake zipo baiskeli tatu.

Ya kwanza ni ya shilingi 180,000. Chini ya mzigo inadumu miaka 2, yaani safari 300. Matengenezo yake ni shilingi 6,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa miaka hiyo miwili. Jumla ni shilingi 324,000. Gawanya kwa safari 300: kila safari imegharimu shilingi 1,080.

Ya pili ni ya shilingi 320,000, yenye spoki nene, vikombe vya chuma kigumu na keria ya kweli. Inadumu miaka 8, yaani safari 1,200. Matengenezo ni shilingi 3,500 kwa mwezi, yaani 336,000 kwa miaka yote. Jumla ni shilingi 656,000. Kila safari imegharimu shilingi 547 hivi.

Ya tatu ni ya shilingi 1,200,000, nyepesi, yenye gia nyingi na springi. Tuseme nayo inadumu miaka 8. Lakini vipuri vyake hutoka mjini, na kwa mwezi hula shilingi 10,000, yaani 960,000 kwa miaka yote. Jumla ni shilingi 2,160,000. Kila safari imegharimu shilingi 1,800.

Tazameni basi. Ya bei ndogo imekuwa karibu mara mbili ya gharama ya ile ya kati, na ya bei kubwa imezidi mara tatu. Waliosema cha bei ndogo ni ghali wamesema kweli, na waliosema cha bei kubwa ni anasa wamesema kweli vile vile. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba ziko baiskeli za namna mbili tu.

Lakini sitaki kuionea baiskeli ya bei ndogo. Mpe karani wa ghala, au mwalimu anayekaa kilomita mbili kutoka shuleni, asiyebeba kitu ila mkoba wake. Mikononi mwake baiskeli ile ile ya shilingi 180,000 yaweza kudumu miaka 6, kwa matengenezo ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 324,000 kama kwanza, lakini sasa safari ni 900, na kila safari imegharimu shilingi 360. Huyo akinunua ile ya kati, hata ikimtumikia miaka 10 kwa shilingi 1,500 kwa mwezi, kila safari itamgharimu shilingi 333. Tofauti ni shilingi 27. Kwa ajili ya hizo hana sababu ya kujinyima leo. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "Bei gani?" Liwe swali la kujiuliza mwenyewe: "Itabeba nini, na mara ngapi?"

Iko hasara moja ambayo haikuingia katika hesabu hiyo. Baiskeli haiharibiki siku ya mapumziko. Huharibika siku ya mzigo. Maziwa yaliyolala njiani hayauziki, na mkulima aliyefika kituoni jioni, mizani ikiwa imefungwa, amepoteza siku mbili.

FUNDI NA VIPURI

Baiskeli huishi kwa fundi kama mtu anavyoishi kwa chakula. Fremu ya chuma ikikatika, fundi wa kuchomelea ataiunga kabla ya jua kutua. Ya alumini yahitaji mashine na ujuzi ambao hauko katika kila kijiji. Ya nyuzi za kaboni ikipasuka haina dawa hapa kwetu. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa muuzaji, mwendee fundi wako umwulize: "Baiskeli hii, ikivunjika kitu, utapata cha kuweka?" Akitikisa kichwa, rudisha fedha mfukoni.

Nawe mwenye baiskeli unayo sehemu yako. Mnyororo ni mfano mzuri. Chukua rula ya mtoto wa shule, upime viungo 24 vya mnyororo. Mnyororo mpya hupimwa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, umekwisha kulegea na umeanza kula meno ya magurudumu yake. Mnyororo ni wa bei ndogo, meno ni ya bei kubwa. Asiyeziba ufa, ndugu zangu, hujenga ukuta.

Lipo shirika liitwalo World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya maafa ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004. Kwa ajili ya kazi za vijijini barani Afrika lilitengeneza baiskeli iitwayo Buffalo. Waliyoyachagua yanafundisha. Waliweka fremu nzito ya chuma, spoki nene, keria ya kuchukua kilo 100, na breki iliyo ndani ya habu ya nyuma. Wepesi hawakuutafuta, wala bei ya chini kuliko zote. Tena hawakuishia kwenye baiskeli, bali waliwafundisha mafundi wa kuzitunza, maana walitambua kwamba baiskeli bila fundi ni chuma kinachongoja kutu.

NENO KWA WASIO NACHO

Najua wako watakaosema, "Bwana Mweka Hazina, hesabu yako ni nzuri, lakini mimi ninazo shilingi 180,000 na si 320,000. Heri baiskeli dhaifu kuliko miguu mitupu." Neno hilo si la kudharauliwa. Mtu maskini hununua cha bei ndogo kwa sababu hana fedha ya kununua cha nafuu, na ndiyo maana hulipa zaidi kuliko tajiri.

Lakini hapa ndipo ushirika unapopata kazi yake. Tuseme Chama kimetenga shilingi 28,800,000. Kikinunua za shilingi 180,000 kitawafikia watu 160. Kikinunua za shilingi 320,000 kitawafikia watu 90. Kwa macho ya siku ya kwanza, waliosema "tufikie wengi" wameshinda. Sasa tungoje misimu mitatu, ambayo ndiyo muda wa deni lililopendekezwa. Wale 160 baiskeli zao zilikufa katika mwaka wa pili, na msimu wa tatu walilipia chuma chakavu. Fedha ikirudi, itabidi inunue tena kwa ajili ya watu wale wale. Wale 90 wamemaliza deni na baiskeli zao zinatembea. Fedha ikirudi, inawanunulia wengine 90, na katika mwaka wa nne tuna watu 180 wenye baiskeli nzima. Wengi zaidi wamefikiwa kwa njia iliyoonekana kuwa ya wachache.

Na deni la chombo kilichokufa halimuumizi mkopaji peke yake. Mtu hulipa kwa moyo mweupe deni la kitu anachokitumia. Deni la kitu kilichokwisha tupwa hulipwa kwa manung'uniko, au halilipwi kabisa, na shimo linaloachwa hufukiwa kwa fedha ya mkulima mwenzake asiyekopa hata senti.

Kwa wasioweza kungoja zamu, iko njia ya tatu, nayo ni baiskeli ya zamani yenye fremu nzuri iliyovuliwa na kufanywa upya: vikombe vipya, gololi mpya, spoki mpya, mpira mpya. Fundi mwaminifu aweza kukupa baiskeli ya kazi namna hiyo kwa fedha isiyofika bei ya mpya.

Tena nawaomba wanaume wenzangu wanivumilie. Katika nyumba nyingi abebaye mzigo kila siku ni mama, na anayechagua baiskeli ni baba. Matokeo yake ni fremu yenye bomba la juu ambalo mama mwenye kitenge hawezi kulivuka, na baiskeli hukaa kivulini huku gunia likienda kichwani. Hiyo nayo ni hasara. Baiskeli isiyopandwa ndiyo ghali kuliko zote. Fremu ya kike yenye mabomba imara ipo. Na anayebeba mzigo apewe nafasi ya kusema.

MASHAURI KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, kwa kuwa sikutumwa kusema tu bali kushauri, nayaweka mbele ya Halmashauri mashauri matano.

La kwanza: Chama kichague aina moja au mbili tu za baiskeli za daraja la kati, ili vipuri viwe vya namna moja kutoka kijiji hata kijiji.

La pili: kabla ya kuagiza nyingi, inunuliwe moja ya majaribio. Ifunguliwe na mafundi mbele ya wajumbe, vikombe vitazamwe, spoki zipimwe, kisha ibebeshwe mzigo msimu mzima katika njia zetu wenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi tusinunue kwa kusifiwa.

La tatu: kila chama cha msingi kiweke ghalani vipuri vichache vinavyokwisha upesi, yaani mipira, spoki, gololi, pini, minyororo na vipande vya breki, viuzwe kwa bei isiyomkamua mwanachama.

La nne: achaguliwe kijana mmoja, mwanamume au mwanamke, katika kila chama cha msingi, afundishwe ufundi na kupewa spana zilizo kamili.

La tano, nalo ni kubwa kuliko yote: muda wa deni usizidi nusu ya umri unaotarajiwa wa baiskeli chini ya mzigo. Kama hatuna hakika kwamba baiskeli itadumu miaka sita, tusiikopeshe kwa misimu mitatu.

Najua kwamba pikipiki zimejaa barabarani, na wako vijana wanaoiona baiskeli kuwa chombo cha wazee. Pikipiki ni chombo chema kwa mwenye kazi yake. Lakini huomba petroli kila asubuhi, iwe umeuza au hukuuza. Baiskeli hula kile ulichokula wewe. Kwa mkulima ambaye fedha yake huja kwa msimu, chombo kisichodai kitu katika miezi ya kungoja mavuno kitakuwa na heshima yake siku nyingi zijazo.

Mabibi na Mabwana, katika miaka kumi hii tumejifunza kuitazama sindano ya mizani kabla ya kutia sahihi kwenye stakabadhi. Naomba ujuzi huo tusiuache mlangoni mwa duka. Msiogope bei kubwa kwa kuwa ni kubwa, wala msiikimbilie bei ndogo kwa kuwa ni ndogo. Ulizeni chombo kitabeba nini, kitaishi miaka mingapi, nani atakitengeneza, na kama kitakuwa hai siku deni litakapokwisha. Atakayejibu maswali hayo manne hatahitaji tena ushauri wa mweka hazina.

Nawatakia wote heri katika sikukuu hii, na mavuno mema katika msimu ujao. Ushirika wetu na udumu.